Atlantics: mizimu imerudi kudai mshahara

Jamani kama unatafuta muvi ya kutisha ya mlango unajifungua wenyewe alafu paka anaruka unashtuka, hii sio yenyewe. Mapanga hamna, nyumba ya msituni hamna, lijitu la kinyago hamna. Ila mimi jana nimeimaliza saa sita usiku nikaenda kupiga mswaki, kile kioo cha bafuni nikashindwa kukiangalia. Ukiiona utajua kwanini kioo.

Ni ya 2019, dairekta ni Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, na ndo ilibeba tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes. Iko Dakar, wanaongea Kiwolofu. Vijana wa saiti wanajenga ghorofa refuu, miezi inapita hawajalipwa, wanaenda kudai wanatoka mikono mitupu. Alafu kuna kipande wamepakiwa nyuma ya gari wanapita kando ya bahari, wenzake wanaimba na kupiga makofi, mmoja wao Souleiman yeye kimya tu anaangalia maji. Hakuna chochote kinachotokea pale lakini tumbo linakaza. Muda si mrefu wameshapanda mtumbwi kwenda Hispania bila hata kuaga.

Nyuma kabaki Ada, mpenzi wa Souleiman, na huyo Ada ameshachumbiwa na Omar mwenye hela zake. Siku ya harusi kitanda cha maharusi kinawaka moto. Nani kawasha hajulikani. Baada ya hapo mabinti wa mtaani wanaanza kushikwa na homa, jua likizama macho yanageuka meupe pee, wanatoka usiku na nguo za kulalia mpaka nyumbani kwa bosi wa lile ghorofa, wanakaa sebuleni kwake gizani wametulia wanamsubiri. Na wanachosema ni hela yetu iko wapi.

Aisee. Sisi wa pwani mtu kupandisha mashetani tunakujua, unamuuliza unataka nini anakutajia ubani, marashi, kaniki, labda na mbuzi. Hawa mizimu ya vijana wa saiti, waliowaingia mabinti, wanataka jasho lao, walipwe wakiwa wamekufa maana wakiwa hai walizungushwa. Mimi mwili ulinisisimka zaidi ya jini lolote la Nollywood.

Na bahari yenyewe, Claire Mathon aliyeshika kamera anairudia rudia, jua jekundu, ukungu, mawimbi, na ule muziki wa Fatima Al Qadiri kama kitu kinakuita kwa mbali, mpaka unafika mahali ukiona maji tu unaanza kuhesabu ni wangapi wako mle chini.

Kasoro ninayoiona ni upelelezi wa Issa, askari anayechunguza ule moto, unavuta sana katikati na mtu makini atashtukia mapema nini kinamsumbua kila jioni. Ila vumilia. Na tafadhali iangalie kwa Kiwolofu ukiwa umewasha maandishi ya chini, ukiweka sauti za kudabu unaua kila kitu.

Bro wangu aliwahi kubeba zege saiti moja hapa mjini, wiki sita anaambiwa njoo Jumamosi njoo Jumamosi, mpaka leo hajaona hata mia. Nikamuita aone kile kipande cha sebuleni kwa bosi. Akaangalia kimya, kilivyoisha akaniambia rudisha nyuma. Tumekirudisha mara tatu.