Nanga ya kilo 15 kwa mashua ya watu wawili: inashika, ila pima omo (mbele ya chombo) kabla ya kununua

Tunasafiri wawili tu, mimi na mume wangu, kwenye mashua yetu ya tanga ya mita 10. Tunafuata pwani mchana, usiku tunalala kwenye ghuba. Kwa watu wawili zamu ya usiku ni ndoto: nikikesha mimi, kesho nani atashika usukani? Ndiyo maana kitu ninachokikagua kwa ukali kuliko vyote chomboni ni nanga.

Tuliyoitoa ilikuwa ya plau yenye kiungo, mtindo aliobuni mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor mwaka 1933 na ambao bado unaning'inia kwenye omo za vyombo vingi. Yetu kiungo kilishalegea, kwenye mchanga mgumu inalala ubavu na kukwaruza juu juu. Hii mpya haina kiungo. Ni jembe moja la chuma lililopakwa zinki, limebonyea katikati, ncha kali mbele na tao la bomba nyuma. Ikianguka chali, tao linaipindua.

Hilo la kupinduka sikuliamini kwa maneno ya muuzaji. Maji yalikuwa maangavu, nikavaa miwani ya kuogelea nikaelea juu yake, mbali kabisa na pangaboi, mume wangu akarudi rivasi polepole. Mnyororo ukanyooka. Nanga ikaburutwa kidogo, ikabiruka upande, ncha ikachoma, kisha ikaanza kuzama kwa vishindo vidogo vidogo huku mchanga ukitimka. Mwisho lilibaki tao tu. Nilipotoka majini nilikuwa nimeshasamehe bei yake.

Ila nanga yoyote inahitaji mnyororo wa kutosha, na hapa ndipo wengi wanapopunja. Ukitia nanga penye kina cha mita 4, maji yakitarajiwa kujaa mita 3 zaidi, na omo yako iko mita 1 juu ya maji, hesabu ni 8, si 4. Mnyororo wa mara tano ya hiyo ni mita 40. Mwenye kuhesabu kina cha sasa peke yake anamwaga mita 20, na maji yakijaa anabaki na mara mbili na nusu. Mnyororo ukisimama hivyo unainua shina la nanga, na nanga inayovutwa kwenda juu inang'oka. Wetu ni wa milimita 8, karibu kilo 1.4 kwa mita, kwa hiyo mita 40 ni kama kilo 56 zilizolala chini zikisaidia.

Usiku mmoja upepo uligeuka ukatoka upande wa pili kabisa. Kengele ya GPS, inayolia chombo kikihama, haikulia. Asubuhi mstari kwenye skrini ulikuwa nusu duara safi, maana yake chombo kilizunguka na nanga ikabaki pale pale.

Sasa kero. Tope zito inalipenda kupita kiasi: inapanda na shehena yake, sitaha yote inachafuka, na ndoo na brashi havikauki. Kwenye majani mazito ya bahari haikushika, iliteleza juu yake. Sikuilaumu sana, maana majani yale hayastahili kung'olewa na mtu anayetafuta usingizi. Tulisogea hadi penye mchanga mtupu. Tena sisi hatuna winchi ya kuvuta mnyororo, na mvutaji ni mimi, kwa sababu mume wangu ndiye anayeijua injini. Nanga ikining'inia kwenye maji ya mita 4, mikononi nina karibu kilo 20, ukiacha tope. (Tunaongea kwa ishara za mikono. Kupigiana kelele toka omo hadi tezi (nyuma), injini ikinguruma, kumewagombanisha wanandoa wengi.)

Kubwa zaidi ni lile tao. Halikupita kwenye fremu ya omo yetu, ikabidi fundi arefushe mkono wa kapi, gharama ambayo dukani hakuna aliyeitaja. Karatasi ya vipimo ilionyesha urefu na uzito; upana wa tao haukuwemo. Nenda na futi yako, au kata kadibodi kwa umbo la nanga uijaribishe omoni kabla hujatoa hela. Ikipita, nunua.