Mapitio ya 16 and Pregnant na Teen Mom: tulivyovitazama sebuleni Mbagala

Likizo ya Desemba iliyopita binti wa kaka yangu, aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha pili, alikuja kukaa kwangu Mbagala Kizuiani. Katika majuma hayo tulitazama pamoja vipindi viwili vya televisheni ya Marekani ambavyo vimelaumiwa kwa muda mrefu kwamba vinaipamba mimba ya utotoni mpaka ionekane kuwa jambo la fahari. Cha kwanza ni 16 and Pregnant, kilichoanza kurushwa na kituo cha MTV tarehe 11 Juni 2009. Cha pili ni Teen Mom, mwendelezo wake, kilichoanza Desemba mwaka huohuo. Baadhi tulivitazama kwa kisimbuzi, saa za usiku, na vingine kwa bando la simu. Mama yake, wifi yangu, aliposikia tunachotazama alinipigia simu akasema, "Wifi, nakuheshimu sana, lakini mambo hayo yatamfanya mtoto aone kuzaa ni ustaa." Nilimwomba aniache nivitazame mpaka mwisho ndipo nimjibu. Haya ndiyo majibu yangu, na nimeyaandika kwa sababu najua kwamba wazazi wengi wa jiji hili wana hofu ileile.

Kila sehemu ya 16 and Pregnant huchukua takribani saa moja pamoja na matangazo, na humfuata binti mmoja tangu mimba ikiwa imeshaonekana hadi miezi michache baada ya kujifungua. Msimulizi ni binti mwenyewe, na mara kwa mara picha hukatishwa na michoro ya kalamu inayofanana na ile ambayo wanafunzi huichora pembeni mwa madaftari, ili mtazamaji asisahau kwamba anayezungumza bado ni mtoto wa shule. Kinachoonyeshwa kwa sehemu kubwa ni uchovu: mtoto analia usiku wa manane, kijana aliyeahidi mengi hana tena muda, fedha za nepi na za mafuta ya gari zinagombaniwa, na marafiki wanakwenda kwenye sherehe ambayo binti huyo hawezi tena kwenda. Nilifundisha sekondari kwa miaka 27, na kwa miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi na unasihi. Kwa uzoefu huo nasema bila kusita kwamba yaliyomo ndani ya kipindi hiki hayaipambi mimba hata kidogo. Waliokitengeneza waliona walichokiona na wakakionyesha.

Hata hivyo, hukumu hiyo niliitoa nikiwa mtu mzima ninayekisikia Kiingereza. Tulipomaliza sehemu ya pili nilimuuliza binti yetu ameonaje, naye akanijibu kwa utulivu kabisa: "Shangazi, kumbe wenzetu wakipata mimba wanapewa chumba chao."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Niliporudi nyuma na kuitazama sehemu ileile bila sauti, nilielewa alichokiona. Kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi mpya, kitanda kidogo cha mtoto, na mama wa msichana akikunja nguo za kichanga zilizojaa kabati. Kulikuwa na gari ambalo msichana wa miaka 16 analiendesha mwenyewe kwenda kliniki. Hospitalini alipewa chumba cha peke yake, mama yake na kijana wake wakiwa wamemshika mikono, wakati hapa kwetu wajawazito wengi wanafahamu maana ya kulala wawili kitanda kimoja wodini. Mtazamaji wa Marekani huitambua nyumba ile kuwa ya watu wa kipato cha chini wanaohangaika na madeni, na gari lile hulijua kuwa ni bovu. Kwa mtoto anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu na anayegombania daladala za asubuhi za kwenda Kariakoo, ile ni nyumba ya tajiri, na gari ni gari.

Kiingereza cha mabinti wa Tennessee na Michigan ni cha haraka, maneno yake mengi humezwa, na katika vipindi tulivyovipata hakukuwa na tafsiri ya maandishi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari ya kata, aliyekutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia alipoingia kidato cha kwanza tu, hupata neno moja kati ya manne. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote wa bidhaa hii kwa familia ya Dar es Salaam: onyo lote limo katika maneno, na raha yote imo katika picha. Mtu akiniuliza kama vipindi hivi vinaipamba mimba, nami humuuliza kwanza vinatazamwa na nani, na huyo anayetazama anasikia kiasi gani.

Basi tulibadilisha utaratibu. Nilishika rimoti mwenyewe, nikawa nasimamisha picha kila baada ya mazungumzo na kuyafasiri kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wafasiri wa filamu zinazoonyeshwa katika vibanda umiza, isipokuwa kwamba mimi sikuongeza chumvi. Saa moja ikawa saa mbili na nusu, na luku ilikwenda kwa kasi. Lakini maswali yalianza kuja.

Sehemu iliyotugusa kuliko zote ni ile ya mwisho katika msimu wa kwanza, inayohusu vijana wawili wa Michigan walioamua kumtoa binti yao mchanga aasiliwe na familia nyingine. Wazazi wao hawakukubaliana na uamuzi huo, nao vijana wakashikilia kwamba hawana nyumba tulivu ya kumlelea mtoto. Binti yetu hakulielewa jambo hilo hata baada ya kulifasiri. "Kwa nini bibi yake asimchukue?" aliuliza, na akarudia swali hilo kesho yake wakati tunachambua mchele. Katika ukoo wetu mtoto aliyezaliwa kwa binti aliyezalia nyumbani hulelewa na bibi, hupewa jina, na baada ya miaka michache humwita mama yake dada. Nilimweleza kwamba utaratibu huo ni mwema, na kwamba una gharama yake pia, kwa maana bibi anayelea mjukuu ni mwanamke ambaye aliacha biashara yake ya maandazi au akauza kiwanja. Nilimtajia bibi mmoja tunayemfahamu sote. Alinyamaza muda mrefu. Mazungumzo hayo yalikuwa na thamani kubwa kuliko kifurushi nilichokilipia, na nakiri kwamba bila kipindi kile yasingetokea, kwa sababu mimi ni mwalimu wa malezi wa miaka mingi lakini sikuwahi kupata mlango wa kuyaanzisha na mtoto wa ndugu yangu. Zamani mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani akafundwa na kungwi, na mama yake hakulazimika kutafuta maneno. Siku hizi wengi wetu tumewaacha makungwi na hatujaweka mtu mahali pao.

Yapo pia matokeo ya utafiti ambayo mzazi anastahili kuyafahamu. Mwaka 2014 wachumi wawili wa Marekani, Melissa Kearney na Phillip Levine, walitoa utafiti unaosema kwamba 16 and Pregnant kilichangia kupungua kwa uzazi wa wasichana wa umri huo kwa asilimia 5.7 katika miezi 18 tangu kilipoanza kurushwa. Walilinganisha maeneo ambako vipindi vya MTV vilitazamwa zaidi na yale ambako vilitazamwa kidogo, na wakachunguza pia yale ambayo watu walikuwa wakiyatafuta Google na kuyaandika Twitter kuhusu uzazi wa mpango. Baadaye wachumi wengine, David Jaeger, Theodore Joyce na Robert Kaestner, waliupitia upya utafiti huo wakasema hauwezi kuthibitisha kwamba televisheni ndiyo iliyosababisha, kwa kuwa maeneo yaliyolinganishwa yalikuwa yanatofautiana katika mwenendo wa uzazi hata kabla kipindi hakijaanza. Kwa upande mwingine, Nicole Martins na Robin Jensen waliwahoji wanafunzi wa sekondari nchini humo, wakakuta kwamba wale waliotazama sana vipindi vya namna hii walielekea kuamini kwamba mama mwenye umri mdogo huwa na maisha mazuri, kipato kizuri na baba wa mtoto anayeshiriki malezi. Hao ni watazamaji wanaosikia kila neno. Nikimkumbuka binti yetu na chumba chake kilichopakwa rangi, matokeo hayo ya mwisho hayanishangazi.

Sasa nije kwa Teen Mom, ambako maoni yangu ni makali zaidi. Msimu wa kwanza wa 16 and Pregnant ulikuwa na mabinti sita, na wanne kati yao ndio waliochukuliwa kuendelezwa katika Teen Mom. Kuanzia hapo mambo yanabadilika. Binti ambaye jana alikuwa mwanafunzi mwenye shida leo analipwa kwa kufuatwa na kamera, sura yake inawekwa ukurasa wa mbele wa magazeti ya udaku, na ugomvi wake na baba wa mtoto unakuwa kazi inayomwingizia riziki. Maisha yao hayakuwa ya starehe hata hivyo, kwani mmoja wao aliishia kutumikia kifungo gerezani. Lakini ustaa una mwanga wake, na mtoto hutazama mwanga. Nguo zinakuwa nzuri zaidi kadiri kipindi kinavyosonga, nyumba zinakuwa kubwa, na katika sehemu nilizozitazama hakuna mahali ambapo binti mwenyewe anamwambia mtazamaji waziwazi kwamba kilichoinunua nyumba ile ni kamera. Mtazamaji wa miaka 15 huona mpangilio mmoja tu: alipata mimba, kisha akapata nyumba. Ni binti yetu aliyeuliza swali ambalo watengenezaji hawakulijibu: "Na wale wawili, Shangazi, mbona hawaonekani tena?" Nilimwambia kwamba wale wawili ndio wanaofanana na wasichana wengi, maana hakuna anayewalipa kwa kulea.

Kwa hiyo wifi yangu alikuwa na haki nusu. Lawama yake ni ya kweli kwa Teen Mom, nami nilikiacha katikati ya msimu wa pili.

Lipo pia lile ambalo vipindi vyote viwili haviwezi kumpa binti wa Dar es Salaam, nalo mzazi analazimika kuliongeza mwenyewe. Katika vipindi hivyo kijana aliyempa binti mimba huitwa mpenzi, hukaa mezani na wakwe, hulaumiwa kwa uvivu, na mambo yanaishia hapo. Kwetu, tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Binti hajui hilo, na mara nyingi kijana naye hajui. Vilevile mabinti wa Marekani wanaonekana wakiendelea na masomo kwa njia moja au nyingine. Hapa nchini ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kabla ya hapo, niliwahi kusimama ofisini wakati binti wa kidato cha tatu akikabidhiwa barua ya kufukuzwa, na mama yake akauliza kwa sauti ya chini kama ada aliyokwisha kulipa ingerudishwa. Hakuna aliyemjibu, nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Ruhusa ya sasa ni jambo kubwa, lakini haimnunulii binti sare wala haimpati mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo.

Uzazi wenyewe nao unaonyeshwa kwa namna ambayo si yetu. Binti ambaye nyonga zake hazijakomaa akikaa na uchungu pingamizi, yaani mtoto akiwa amekwama njiani, kwa muda mrefu bila msaada anaweza kupata fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au kinyesi kivuje bila yeye kuweza kukizuia. Hospitali ya CCBRT pale Msasani imekuwa ikiwatibu wanawake wenye tatizo hilo kwa miaka mingi. Katika vipindi vyote nilivyovitazama sikusikia neno hilo, na ni haki, kwa kuwa kwao huduma ya upasuaji iko karibu. Hapa ni lazima litamkwe. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015 na 2016. Hiyo ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano, na kwa hesabu hiyo hakuna darasa nililofundisha ambalo jambo hili halikulihusu.

Kwa mzazi anayetaka kujua kama atumie fedha na muda wake, ushauri wangu ni huu. Chukua msimu wa kwanza wa 16 and Pregnant, wenye sehemu sita, na uutazame na binti yako, na mwanao wa kiume pia, maana nilijuta kumwacha wangu aende zake. Tazameni sehemu moja kwa juma, wala msizifululize. Kama Kiingereza ni kigumu kwako, mwite ndugu au jirani anayekielewa afasiri. Mtoto asiachiwe avitazame peke yake kwenye simu, kwa sababu akiwa peke yake atabaki na picha tu. Teen Mom kiacheni.

Wifi yangu nimemweleza yote haya. Amesema atakuja Jumamosi ya kwanza ya likizo ijayo, na ameomba tuanze na ile sehemu ya Michigan.