Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili

Barazani kwetu Wete, Pemba, kikombe cha kahawa mkononi, swali halikosi: kati ya Makamu wawili wa Rais wa Zanzibar, nani mkubwa? "Wa Kwanza," mzee hujibu haraka.

Kwa itifaki, sawa. Lakini Makamu wa Pili hutoka chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Huko ndiko kwenye kazi.

Wa Kwanza hutoka chama cha upinzani. Nafasi yake ilizaliwa na maridhiano ya CCM na CUF na kura ya maoni ya Julai 2010. Aliyeikalia mwanzo ni Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, mtoto wa Mtambwe. Mimi naithamini zaidi hii: tunajua yaliyotupata Januari 2001, waandamanaji wa upinzani walipopigwa risasi na kuuawa.