Tathmini ya Senior Medicare Patrol: wajitolea wanaowafundisha wazee kusoma taarifa za bima yao

Taarifa ambayo Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu, humtumia mwanachama kwa posta baada ya kila miezi kadhaa imeandikwa waziwazi kwamba si bili. Maneno hayo yanamwondolea mzee hofu ya kudaiwa, lakini nyumbani kwetu ndiyo yaliyoipeleka karatasi hiyo moja kwa moja kwenye pipa la taka. «Mwanangu, kama hawanidai, naiwekea nini?» alinijibu mama mkwe wangu nilipomuuliza. Katika taarifa moja iliyosalia tulikuta kwamba kampuni ya vifaa vya tiba, ambayo hakuwahi hata kuisikia, ilikuwa imedai malipo ya mkanda wa mgongo na vifaa vya kukaza magoti yote mawili, ilhali yeye hajawahi kuvaa wala kuagiza kitu cha namna hiyo.

Jambo hilo ndilo lililotufikisha kwa Senior Medicare Patrol, mpango ulioanza mwaka 1997 kwa miradi 12 ya majaribio, kwa msukumo wa Seneta Tom Harkin wa Iowa, na ambao sasa una miradi 54 katika majimbo yote, mji mkuu, Puerto Rico, Guam na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Fedha hutoka serikali kuu, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wajitolea, na wengi wao ni wastaafu ambao wenyewe wanatumia bima hiyohiyo.

Mjitolea aliyetuhudumia alizungumza polepole, akaniachia muda wa kumfasiria mama, na kila swali akalielekeza kwake badala ya kunielekezea mimi. Heshima hiyo naitaja mapema kwa sababu mzee aliyelaghaiwa huona aibu, na anapohisi anahojiwa kama mtoto hunyamaza. Hakuanza kwa kumtuhumu mtu. Alitufundisha kulinganisha tarehe, jina la mtoa huduma na kiasi kilichodaiwa na kumbukumbu zetu wenyewe, kisha akashauri tuiulize kwanza kliniki ya daktari wake, kwa kuwa mengi yanayoonekana kuwa ulaghai huwa ni makosa ya uandishi. Daktari alipothibitisha kwamba hakuagiza vifaa hivyo, mjitolea alichukua maelezo yetu ili yapelekwe kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Alitueleza wazi kwamba mpango wenyewe haukamati wala haushtaki mtu.

Mimi nilidhani hasara ni ya serikali peke yake. Kumbe bima ikishalipia kifaa kwa jina la mzee, siku atakapokihitaji kweli anaweza kukataliwa kwa hoja kwamba alikwishapewa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu anayesajiliwa bila kujua katika huduma ya wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, maana usajili huo unaweza kumfungia njia ya kulipiwa tiba ya kuponya ugonjwa wake.

Je, mpango huu una tija? Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani imekuwa ikiutathmini tangu mwanzo wake, ikihesabu wajitolea, saa walizofanya kazi, mikutano ya hadhara, mazungumzo ya ana kwa ana na fedha zinazotarajiwa kurudishwa. Hesabu hii ya mwisho ndiyo inayovutia macho ya watu, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu kesi moja kubwa inaweza kuipandisha mwaka huu, nayo ikakosekana mwaka ujao bila mjitolea yeyote kulegea. Wakaguzi wenyewe wamekiri kwamba miradi huenda haipati sifa yote inayostahili, kwani taarifa iliyopelekwa kwa wachunguzi si rahisi kuifuatilia hadi mwisho, na ulaghai uliozuiwa kabla haujatokea hauna risiti.

Fikiria kesi za Septemba 2019, ambapo watu 35 walishtakiwa kuhusiana na madai ya zaidi ya dola bilioni 2.1 ya vipimo vya vinasaba vya saratani. Katika ulaghai wa aina hiyo, wazee hufuatwa kwa simu na hata kwenye maonyesho ya afya, wanapanguswa shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba, kisha wanaombwa namba ya kadi. Mzee aliyekwishaonywa akaikunja kadi yake na kuondoka ameokoa maelfu ya dola, lakini hakuna safu ya jedwali inayomhesabu. Ningependa tathmini zijazo ziwarudie waliohudhuria baada ya miezi kadhaa, ziwaulize kama bado wanazisoma taarifa zao, na ziwaulize kwa lugha wanayoota nayo.

Mama mkwe sasa huandika kila miadi ya daktari kwenye daftari, kwa Kiswahili, na taarifa inapofika tunakaa nayo mezani baada ya chai. Anayehitaji huduma hii apige 1-877-808-2468 akiwa na taarifa yake mkononi. Kwetu sisi, swali la kwanza lilikuwa tarehe ya huduma.