Vespa iliyobeba matoke: uzoefu wangu wa kunyoosha PX 150 pale Katwe, Kampala

Niliinunua Februari kwa mtu wa Ndeeba, shilingi 1,600,000, baada ya kuvutana naye tangu milioni mbili. Vespa PX 150 E, gia nne za mkononi, injini inawaka kwa kiki ya tatu, karatasi zake zipo. Kasoro ilikuwa mkia. Taa ya nyuma inatazama ardhi kama mtoto aliyekaripiwa, kifuniko cha ubavu wa kushoto hakikai mahali pake, na mtu akipanda nyuma tairi inakwangua bodi. Muuzaji akaapa kwamba iligongwa na taksi pale Kibuye, tena kidogo tu, "kitu cha nyundo mbili." Mimi ni mwalimu, nakaa Kibuli na shule yangu iko kando ya barabara ya Gayaza, boda zilikuwa zinakula mshahara wangu kuliko watoto. Bei ile haikufika nusu ya Boxer mpya, pikipiki ya watu wa boda. Nikaziamini zile nyundo mbili.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Walinitoza 350,000, wakakaa nayo siku nne, ikarudi inang'aa kama sahani ya harusi. Taa imeinuka, kifuniko kimefunga, hata mama watoto akasema sasa hiyo ndiyo pikipiki. Wiki ya tatu nikaona ufa mwembamba wa rangi unashuka kutoka kwenye taa. Kila nikirudi kazini umeongezeka. Halafu nikajigundua kwamba hata barabara ikiwa imenyooka, naendesha huku nimeibana ile pikipiki kwa mkono mmoja isije ikaelekea inakotaka yenyewe.

Nikatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaipitisha mkiani. Ubavuni inanata, karibu na taa inateleza na kuanguka. Sumaku hainati kwenye puti, ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi. Walikuwa wameniuzia puti, na nene kama kidole. Kwa hiyo wewe unayetafuta Vespa iliyotumika hapa Kampala, tangulia na sumaku, pesa zifuate.

Kuna kitu ambacho sikukijua wakati natoa pesa. Boxer ina fremu ya mabomba. Ukivunja plastiki za nyuma, umevunja plastiki. Vespa haina fremu. Bati lilelile unalolipaka rangi ndilo linalobeba injini, shokapu, tangi na wewe mwenyewe. Corradino D'Ascanio, aliyeichorea kampuni ya Piaggio mpaka ikaanza kutoka kiwandani Pontedera, Italia, mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na aliijenga hivyo: ganda ndilo mifupa. Ndiyo maana unaipanda na kanzu yako ukafika safi. Lakini pia ndiyo maana mkia ukipinda, kilichopinda ni uti wa mgongo. Injini ya PX imeshikwa na bolti moja ndefu inayopita bodi upande hadi upande, na shokapu imefungwa kichwa chake ndani ya bodi, chini ya tangi. Sehemu hizo zikihama milimita chache tu, tairi ya nyuma inakuwa na safari yake na ya mbele ina yake.

Jamaa wa msikitini akanielekeza Katwe, kwa mzee mmoja Mnubi wa Bombo mwenye kibanda cha mabati nyuma ya watu wa milango na masufuria. Nilimpa salamu, nikaendelea kwa Kiswahili, akaiweka nyundo chini. "Wewe askari?" Nikamwambia mwalimu. "Wa Kiswahili? Haya, leo nimeona." Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini Kampala ukimwanza mtu kwa Kiswahili bado wapo wanaokudhania mwanajeshi na kuitafuta bunduki yako kwa macho. Yeye alikikuta nyumbani pamoja na Kinubi. Jina langu hakuliuliza hata siku moja. Mimi ni Mwalimu, yeye ni Mzee, basi.

Hakuniambia bei. Alivua vifuniko vya ubavuni, akalala chali na tochi, kisha akachukua tindo na kuibandua ile puti vipande vipande mpaka bati likatokea. Akanyamaza kidogo, akaniita. Mikunjo ya bati ilikuwa imelala kuelekea chini, si kuelekea mbele. Matundu ya bolti za keria yalikuwa yameliwa yakawa marefu kama macho ya paka, na kila tundu limezaa ufa.

"Hii haikugongwa, Mwalimu. Hii imebeba matoke."

Akanieleza. Kitu kikikugonga kwa nyuma, bati linajikunja kuingia ndani, na cha kwanza kuvunjika ni taa. Taa yangu ilikuwa kuukuu, nzima. Mtu alifunga keria ndefu, akapakia mikungu au jerikeni miaka na miaka, akawa anatumbukia nayo kwenye mashimo. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli unaukandamiza mkia kila tairi inaporuka. Juu ya hayo, tairi ilikuwa imerusha tope jekundu ndani ya mkia likagandamana huko, likashika maji, na bati likaliwa kutoka ndani. Aliingiza bisibisi, ikatokea upande wa pili bila kusukumwa. Nikaikumbuka ile taksi ya Kibuye, niliyoilaani mwezi mzima, na haikuwahi kuwepo.

Kazi ya kunyoosha niliitazama kwa macho yangu Jumamosi mbili, na ndiyo sababu naandika haya. Kwanza waliitoa injini. Ukishafungua kebo za klachi, gia na breki ya nyuma, waya wa mafuta, nyaya za umeme, mpira wa petroli, shokapu na ile bolti ndefu, inatoka nzima pamoja na tairi. Kijana wake na mimi tuliibeba. Tangi likapelekwa mbali, kwa sababu Mzee hawashi gesi penye harufu ya petroli. Kabla ya msasa wowote alifunika kwa utepe namba ya bodi, iliyogongwa kwenye bati lenyewe chini ya kifuniko cha upande wa injini. Ukiifuta ile, akasema, huna pikipiki tena, una chuma chakavu.

Kisha akapitisha nondo iliyonyooka kwenye matundu mawili ya bolti ya injini. Hapo hata mimi nisiyejua kitu niliona: ncha moja iko juu kuliko nyingine. Bodi ikafungwa kwenye kitanda cha chuma alichokiunga mwenyewe, gogo la mvule likawekwa ndani ya mkia ili nguvu isambae, na chenibloki, ile winchi ya mnyororo, ikaanza kuvuta kutoka kwenye boriti. Alivuta kama mtu anayeng'oa jino la mtoto wake. Mnyororo ukikaza anasimama, anawasha gesi, anaupasha mkunjo mmoja tu mpaka rangi ya bati ianze kubadilika kabla haijawa nyekundu, anagonga huku ameweka chuma kizito upande wa pili, anapoza, analegeza, anapima. Bati lina ukaidi: ukilivuta hadi mahali pake na kuliachia, linarudi nyuma kidogo. Inabidi ulipitishe, na umepitisha kiasi gani hakuna kitabu kinachokuambia. "Mpola mpola," yaani polepole, alikuwa anamwambia kijana kwa Kiganda, na kijana kila mara anataka kuongeza.

Siku tatu zilikwenda hivyo. Nilipokuja Jumamosi ya pili ilikuwa imefungwa injini kwa muda, tairi zote mbili zipo, na uzi wa mwashi umetandazwa kila upande kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele. PX ina tairi za kipimo kimoja mbele na nyuma, 3.50 kwa 10, kwa hiyo usukani ukinyooshwa uzi unatakiwa kuzigusa zote mbili sawasawa, mbele na nyuma ya kila tairi. Kulia uligusa kote. Kushoto ulibaki mwanya wa kupitisha kadi ya simu. Mzee aliutazama ule mwanya kwa chuki ya kweli. Akaifungua tena injini. Mimi ningeiacha, na nadhani mafundi wengi wangeiacha.

Bati lililooza alilikata, akaunga jipya kwa gesi, si kwa umeme, maana umeme wa fimbo unatoboa bati jembamba. Alichomelea kidogo hapa, anahamia kule, anaweka kitambaa kibichi, ili joto lisikipinde tena alichokinyoosha. Ndani, pale keria inapofungwa, akaongeza sahani ya chuma.

Sasa malalamiko. Aliniambia wiki mbili, zikawa saba. Kesho ya Katwe ni kesho ya fundi cherehani siku ya Idi. Simu haishiki, na ukienda unakuta bodi yako imeegemezwa ukutani na mbuzi kaifanya kivuli. Risiti hakuna, makubaliano ni mdomo, na bei ilianza 400,000 ikaishia 520,000 baada ya kukuta uozo. Hiyo nyongeza sikuikataa kwa sababu alinionyesha kipande alichokata, lakini mwenye haraka au anayetaka karatasi atateseka.

Rangi nilifanyiwa na jirani yake kwa 300,000, krimu, na ni ya kawaida tu; mvua za Aprili zimeacha ukungu hafifu mbele na sina nguvu ya kugombana. Vipuri ndivyo vilivyonitoa jasho. Soko la Kisekka nilipata kebo, tairi na plagi. Mipira ya bolti ya injini hawakuwa nayo, wenye duka walinitazama kama ninaulizia pembe za farasi. Mwisho shemeji aliyekuwa Zanzibar, ambako Vespa zimejaa mitaani, akaniletea ya LML, skuta za India zilizotengenezwa kwa muundo uleule wa PX. Zilikaa vizuri kabisa. Vipuri vyote vilikula 410,000.

Ukijumlisha na pesa niliyoitupa gereji ya kwanza, Vespa hii imenigharimu 3,180,000. Bado ni chini ya Boxer mpya, ila usiulize thamani ya wiki saba za boda.

Na barabarani? Nimeiendesha miezi minne. Inakwenda mbele, jambo linaloonekana dogo mpaka uwe umeendesha ile inayokwenda upande. Mama watoto akipanda hakuna kinachokwangua. Kilima cha Namirembe tukiwa wawili nakipanda gia ya pili bila aibu. Tairi za inchi 10 kwenye mashimo ya Bwaise ni adhabu, hilo hakuna fundi atakayelinyoosha. Boxer yenye tairi za inchi 17 inapita pale ninapotumbukia. Petroli lazima nichanganye na oili, asilimia 2, kwa hiyo natembea na chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100: chupa moja, lita tano. Vijana wa kituo cha mafuta wamezoea, mmoja huniuliza kikohozi kimeponaje.

Kwa kazi ya kunyoosha nampa Mzee tano kati ya tano, kwa muda nampa mbili. Kifuniko cha kushoto bado kinataka kusukumwa na goti ndipo kifunge, kwa sababu chenyewe kilikwisha kuzoea mkia uliopinda. Aliniambia nikilete akigonge, lakini nimehesabu kesho zake nikaamua goti langu linatosha.

Keria ile ndefu nilikataa kuirudisha, nikamwachia. Wiki jana nilipopita kumlipa 20,000 iliyokuwa imebaki, nilikuta ameipindua juu ya mawe matatu, birika la chai limekaa juu yake, moto unawaka chini. Akanimiminia kikombe.