Mkaa mbadala na majiko banifu ya vikundi vya Kigoma: tathmini ya mteja

Karibu na soko la Mwanga, mjini Kigoma, kuna duka la pamoja la vikundi vya waanika dagaa, wafuga nyuki, wakamuaji mawese na vijana waotesha miche. Linauza mkaa mbadala, majiko banifu na miche ya miti, na sehemu ya mapato hugharimia kampeni ya mazingira ambayo vikundi hivyo vinaiendesha kwa sauti moja.

Bidhaa bora kuliko zote ni jiko. Ni la udongo uliochomwa, limevikwa bati, na vinundu vitatu vya kukalia sufuria vimeinuliwa kiasi cha kupitisha hewa bila kupoteza moto. Maharage ya Kasulu, yanayojulikana kwa kula mkaa, yaliiva nyumbani kwangu bila kuongeza mkaa katikati. Mkaa wenyewe ni chenga na maganda ya mise (kokwa za michikichi) yaliyochomwa, vikashikanishwa kwa uji wa muhogo. Haurushi cheche na unadumu, ingawa huchelewa kushika moto. Kasoro yake kubwa ni ukaushaji. Wakati wa masika baadhi ya vipande huuzwa vikiwa na unyevunyevu, na ukivivunja utaona kiini bado kibichi. Duka linalowaomba watu waachane na mkaa wa miti linapaswa kuwa makini sana hapo, kwa kuwa mama aliyekerwa na moshi mara moja atarudi kwa muuza magunia.

Miche ni ya kawaida, yenye afya.

Huduma, hata hivyo, inastahili sifa ya pekee. Mwanika dagaa aliyenihudumia alinieleza kwa subira kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yakizidi kupata joto, huchanganyika kwa shida na maji ya kina yenye virutubisho, na chakula cha dagaa hupungua. Kwa hiyo kwake yeye mabadiliko ya tabianchi ni suala la kichanja chake kuwa kitupu. Ndiyo maana wameungana. Vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe vimeshirikishwa katika upandaji miti tangu 1994 kupitia mradi wa Tacare wa Taasisi ya Jane Goodall, lakini hawa ni wakazi wa mjini wanaoiomba halmashauri kwa barua moja kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iwafikie wazalishaji wa nishati mbadala, na kwamba miteremko inayomwaga udongo ziwani ipandwe miti. Naliunga mkono ombi hilo kwa moyo wote, kwani kikundi kimoja kimoja ni rahisi kuambiwa kirudi kesho.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, nashauri anunue jiko bila wasiwasi, na mkaa auvunje kipande kimoja mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.