Kigoma "ni hapo tu": ndege yangu ilivyolala Tabora

Bado nina hasira, mnisamehe. Nilikata tiketi ya Dar kwenda Kigoma majuzi kwa sababu moja tu: kuwahi. Arobaini ya baba mdogo ilikuwa kesho yake asubuhi, Ujiji. Ukinyoosha angani ni kama kilometa 1,080, nikajiambia mchana nitakuwa kwa mama nakula mgebuka. Kuhusu kupitia Tabora niliambiwa, "Inashusha na kupakia, dakika ishirini." Sawa.

Tabora dakika ishirini zikawa saa mbili. Injini ya kushoto imefunuliwa, fundi yuko juu ya ngazi, anachungulia, anashuka, anapiga simu, anapanda tena. Hilo silalamikii, bora iharibikie chini. Wakatushusha ukumbini. Tangazo hakuna.

Kilichoniuma ni kijana mmoja wa kizibao cha njano. Bibi mmoja wa Kasulu, ana chupa ya chai kwenye kikapu, alimfuata kwa adabu zote: "Mwanangu, leo tutafika?" Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Bibi, Kigoma ni hapo tu. Unawahi nini?"

Hapo tu! Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kilometa 411. Kwa ndege unakata kama 350, saa moja haiishi, ila kwa ndege inayoruka, si ile yetu iliyopasuliwa tumbo. Anayesema "hapo tu" aanze kutembea, apite Kaliua, avuke Malagarasi, akifika Uvinza atupigie. Bibi alirudi kimya akakaa, akamimina chai kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza. Chai ilinikaba.

Tukalala. Nyumba ya wageni walilipa wao, niseme ukweli, shuka safi na wali kuku mzuri. Pole, hata moja.

Asubuhi tukaruka, na hapa ndipo ninapojichanganya. Milima ikaisha, ziwa likajitandaza lote, ng'ambo Kongo inaonekana kama moshi. Bibi akanigusa goti: "Ona maji yetu." Tukatua kama mtu anaweka yai mezani. Pale pale ningeulizwa, ningewapa alama zote, na yule kijana ningemsamehe.

Nikafika Ujiji wanakunja turubai. Masufuria yameshaoshwa. Mama akaniuliza, "Si ulisema unakuja na ndege?" Kwa treni ningeondoka siku mbili kabla na hitima ningeikuta.

Kwa hiyo msipande. Au pandeni, rubani anajua kazi yake, lakini muwe na siku ya ziada mkononi. Mimi narudi nayo Jumapili, tiketi yao hairudishiwi hela. Inapitia Tabora.